Siku Tassia na Kaloleni Zilipoandika Katiba

Swali la kwanza nililoulizwa darasani nikiwa mwalimu wa serikali ya Marekani lilikuwa hili: chuo hicho kinataka gredi gani?

Nilikuwa nimemaliza nusu saa nikieleza jinsi Wamarekani wanavyompata rais. Nilikuwa nimesema kwamba mwananchi wa kule hampigii rais kura moja kwa moja. Kura yake inachagua wajumbe wa jimbo lake, na wajumbe hao ndio wanaokwenda kumchagua rais. Kundi hilo lina jina la Kiingereza ambalo ukilitafsiri neno kwa neno linakuwa Chuo cha Uchaguzi. Mimi nikalitafsiri hivyo hivyo, tena nikaliandika ubaoni kwa herufi kubwa na kulipigia mstari. Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono kwa heshima kabisa, akataka kujua kama mtu mwenye D plasi anaweza kukubaliwa.

Darasa halikucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Wengine walikuwa wameshafungua daftari wakingoja jibu, kwa sababu hata wao walikuwa na D plasi.

Nawaandikia ninyi mnaoingia darasani sasa na vitabu vipya kwapani, mkidhani mtakumbukwa kwa maarifa yenu. Mtakumbukwa kwa Chuo cha Uchaguzi. Mimi nimestaafu, magoti yamekataa ngazi, na siku hizi nashinda Kaloleni katika nyumba aliyoishi baba yangu alipokuwa fundi wa reli. Lakini mtu akinitajia katiba ya Marekani bado naisahau chai mezani mpaka ipoe. Mabinti zangu wameshazoea. Wakitaka nisiwasumbue siku ya Jumapili, wananiuliza kwa nini maseneta ni wawili kwa kila jimbo, halafu wanaondoka polepole wakiniacha naongea.

Chuo chetu kilikuwa kidogo, orofa mbili za juu katika jengo lililo karibu na mahakama za Makadara. Chini yetu palikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na kila walipokata mabati ilibidi ninyamaze. Nikajifunza kupanga sentensi zangu kufuatana na msumeno. Wanafunzi walikuwa watoto wa mitaa hii yetu, wakisomea stashahada ya uhusiano wa kimataifa. Walitaka kazi kwenye balozi, kwenye mashirika, kwenye uwanja wa ndege. Somo langu lilikuwa moja tu kati ya mengi, na mwaka wa kwanza nililifundisha vibaya sana.

Niliwasomea. Sina neno jingine. Niliingia na karatasi zangu, nikasoma kwa sauti, wao wakaandika, kengele ikalia. Wakati huo mwalimu aliyejua kusoma kwa sauti ya taratibu ndiye aliyesifiwa, kwa sababu hakuna neno lililowapita.

Mwenzangu mmoja, Mwalimu Opiyo, alikuwa akifundisha historia ya Afrika katika chumba cha pili. Alikuwa mtu mzima, karibu kustaafu, mwenye sauti ndogo kiasi kwamba wanafunzi wake waliacha wenyewe kupiga kelele ili wamsikie. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao, kwa hiyo alinisikia mwaka mzima kabla hajanisemesha kuhusu kazi yangu. Siku aliyonisemesha ni siku ambayo mwanafunzi alikuwa ameniuliza inakuwaje mtu apate kura nyingi za wananchi nchi nzima na bado akose urais. Sikujua. Sikuwa nimeelewa mwenyewe. Basi nikatunga jibu lenye maneno marefu, nikalisema kwa haraka, na wakaliandika.

Opiyo alinichukua hadi kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, akaagiza chapati mbili na maharagwe, akaningoja nimalize kula. Ndipo akaniambia, kwa ile sauti yake, "Madam, lile jibu lako la leo hata wewe hukulielewa. Kesho warudie, uwaambie ukweli."

Nilimwambia watanidharau. Akasema pengine, lakini siku moja tu.

Kesho yake nikarudi, nikawaambia kwamba jibu la jana lilikuwa la kubuni, walikate kwa mstari, na kwamba nilikuwa nimesoma usiku na sasa najua. Nikachora ubaoni mitaa kumi ya kubuni, nikaipa kila mmoja idadi ya wajumbe. Nikawaonyesha mtu anaweza kushinda mitaa michache kwa kura za kumwagika na kushindwa katika mingi kwa kura chache chache. Jumla ya kura ni yake, lakini wajumbe wengi ni wa mwenzake. Halafu yule kijana wa D plasi akasema kwa mshangao kwamba kumbe huu ni mchezo wa ligi, unaweza kufunga mabao mengi kuliko wote na usichukue kombe. Nikamwambia ndiyo hasa. Wakaanza kuongea wote kwa pamoja, na msumeno wa chini haukuweza kuwashinda. Nilitoka mle nimejaa furaha. Sikuwa nimejua kwamba kazi hii ina raha ya namna hiyo ndani yake.

Kutoka siku hiyo niliacha kusoma kwa sauti. Opiyo alinifundisha jambo jingine moja, nalo ndilo lililonisumbua zaidi: kunyamaza. Aliniambia nikishawapa wanafunzi ugomvi mzuri, niufunge mdomo wangu mpaka waufikishe mahali. Alikuwa akikunja mikono na kutazama dirishani, na darasa lake lilifanya kazi lenyewe. Mimi nilikuwa siwezi. Nilikuwa nikijua jibu, linaniwasha ulimi.

Mbinu zimebadilika tangu hapo. Tulitoka kwenye karatasi za kudurusu hadi kwenye simu, na simu mwanzoni nilizichukia. Ukisema jambo, mtu anaangalia chini, anasugua kioo kwa kidole gumba, halafu anainua kichwa na kukwambia umekosea. Katika darasa lile ninalotaka kuwasimulia, aliyekuwa akifanya hivyo ni kijana wa Tassia aliyeitwa Brayo. Mrefu, mcheshi, hajui kukaa. Nilipigana naye wiki tatu, kisha nikampa kazi: chochote atakachokipata kwenye simu, asome, lakini kwanza atuambie kimeandikwa na nani na mtu huyo anataka tuamini nini. Baada ya mwezi alikuwa anajikataza mwenyewe. Alikuwa akiangalia kioo, anatikisa kichwa, anasema huyu msee hata hajaweka jina, tuachane naye.

Sasa nije kwenye ile siku.

Tulikuwa tumepata mkuu mpya wa chuo, Bwana Mutiso, mtu nadhifu aliyekuwa akifika kabla ya mlinzi. Aliniita ofisini na kuniambia, bila kuzunguka, kwamba muhula ujao somo langu litaondolewa. Mahali pake itakuja kozi ya forodha, ya kutoa mizigo pale bandari kavu ya Embakasi. Alisema wazazi wa mitaa hii wanajinyima ili mtoto apate kazi. Akaniuliza nimtajie mwanafunzi mmoja aliyeajiriwa kwa sababu anajua Seneti ya Marekani inavyofanya kazi.

Nilikaa pale nikitafuta jina. Sikulipata. Msimfikirie vibaya Bwana Mutiso, swali lake lilikuwa la haki, na kila mmoja wenu ataulizwa siku moja. Nilimwomba kitu kimoja tu, kwamba aje kukaa darasani kwangu somo moja kabla hajatia sahihi. Akafungua daftari lake la mipango, akasema Alhamisi, saa nane mchana.

Nilifikiria siku zote zilizobaki. Ningeweza kuandaa mhadhara wa kuvutia, na nikaanza kuuandika, nikauchana. Opiyo alikuwa ameshastaafu na kurudi nyumbani kwake Siaya, lakini nilijua angesema nini. Nikaamua Alhamisi hiyo wanafunzi wangu waandike katiba, na mimi ninyamaze.

Mpango ulikuwa huu. Katika historia ya Marekani, majimbo yaliyojitoa kwa Mwingereza yalituma wajumbe wao Filadelfia wakae pamoja kutengeneza serikali moja. Majimbo makubwa yalitaka viti kwa idadi ya watu. Madogo yalitaka kila jimbo lipate sawa, maana yaliogopa kumezwa. Walibishana majira yote ya joto, madirisha yamefungwa ili mtu wa nje asisikie. Basi nikaligawa darasa langu katika mitaa mitatu iliyo huru. Tassia, yenye magorofa ya kupanga yaliyobanana mpaka jirani anakupa chumvi kwa dirisha, ikaongozwa na Brayo. Kaloleni, yenye nyumba zake za chini za zamani na nyua zake, ikaongozwa na Akoth, msichana aliyekuwa akiishi huko kwa bibi yake, mwenye kauli nzito kuliko umri wake. Makadara ikawa ya katikati. Walitakiwa kuunda baraza moja la kusimamia maji na takataka za mitaa yote mitatu. Wakubaliane kila mtaa una viti vingapi. Mtaa usioridhika una ruhusa ya kuondoka. Saa kumi na moja ikifika hawajakubaliana, hakuna muungano.

Hapo ndipo nilipofanya kosa, na naomba mlisikilize vizuri.

Kulikuwa na mwanafunzi aitwaye Nekesa. Alikuwa akifanya kibarua katika viwanda vya Industrial Area. Alfajiri anasimama langoni na wenzake, na akichaguliwa siku hiyo anafanya kazi mpaka mchana ndipo akimbie chuoni. Kwa hiyo alichelewa mara kwa mara. Siku hiyo aliingia nikiwa nimeshagawa nafasi zote, Bwana Mutiso ameshakaa kwenye kiti cha kona na kalamu mkononi. Niliona aibu kwa kuwa mgeni ameona mtu anachelewa somo langu. Nikamwambia Nekesa mbele ya wote kwamba wajumbe ni wale waliofika kwa wakati, yeye akae nyuma atazame. Akaenda akakaa nyuma ya kundi la Tassia, bado ana vumbi la kiwanda kwenye viatu.

Mjadala ukaanza, na ukaharibika mara moja.

Brayo alisema Tassia ni wengi, na wanaokunywa maji ni watu, si nyumba. Viti vitolewe kwa vichwa. Akoth akamjibu kwamba viti vikitolewa kwa vichwa, Kaloleni itakuwa inaitwa tu kuambiwa kilichoamuliwa, na kila lori la takataka litapitia kwao. Akasema mtaa ni mtaa, kila mmoja upewe viti sawa. Brayo akasema basi mtu mmoja wa Kaloleni ana nguvu kuliko watu kumi wa Tassia. Akoth akasema wao hawakumtuma mtu ajenge ghorofa ya saba. Wakaanza kupigiana meza. Kisha Brayo akasimama, akawaambia watu wake, "Twendeni. Hawa wakae na maji yao," na Tassia yote ikatoka nje hadi kwenye ujia.

Nikabaki na nusu ya darasa na viti vitupu. Bwana Mutiso akaangalia saa yake.

Ninyi vijana, hamwezi kujua jinsi jibu lilivyokuwa likinichoma. Nililijua. Lilikuwa sentensi mbili tu. Ningeweza kusimama, kulisema, kuwarudisha wale wa nje na kuokoa sura yangu mbele ya mkuu wa chuo. Nilikuwa nimeshika kipande cha chaki, na nilikibana mpaka kikavunjika vidoleni. Nikatazama dirishani kama alivyokuwa akifanya Opiyo. Chini, mtu wa duka alikuwa akipakia mabomba kwenye mkokoteni. Nikayahesabu mabomba.

Ikapita dakika moja, mbili, labda tano. Halafu msichana mmoja wa kundi la Makadara, ambaye sikumbuki kama aliwahi kuongea muhula ule, akainuka na kwenda mlangoni. Aliwaambia wa Tassia waje wasikie kitu halafu kama hawataki warudi nje. Wakaingia, wakasimama na mikono imekunjwa. Akasema kwa nini wanagombania baraza moja. Wawe na mabaraza mawili. Katika moja, viti viwe kwa idadi ya watu, Tassia ifurahi. Katika la pili, kila mtaa uwe na viti viwili, Kaloleni ilale usingizi. Na hakuna jambo litakalopita mpaka mabaraza yote mawili yakubali.

Brayo akamwangalia Akoth, Akoth akamwangalia Brayo.

Mimi nusura niruke. Ndicho hasa walichofanya kule Filadelfia baada ya majuma mengi ya jasho: Baraza la Wawakilishi kwa idadi ya watu, Seneti kwa usawa wa majimbo. Na msichana wa Makadara alikuwa amekifikia katika saa moja, bila mtu kumwambia, kwa sababu tu alichoka na kelele. Nilitaka kumkumbatia. Badala yake niligeuka ubaoni nikajifanya nafuta kitu.

Nilidhani tumemaliza. Nikajiambia tayari, Bwana Mutiso ameona, sasa nifunge somo vizuri. Lakini wao walikuwa wamechangamka, hawakutaka kuacha. Walianza kuhesabu vichwa kwa ajili ya lile baraza la kwanza. Brayo akawa anaongeza watu kwa kila njia. Wapangaji, wageni wa wapangaji, waliolala sakafuni. Akoth akawa anakataa mmoja mmoja. Brayo akageuka nyuma, akamwona Nekesa, akasema na huyu ni wa Tassia, anaishi ghorofa ya tano, yeye anamjua. Akoth akasema Nekesa si mjumbe, hana sauti katika mkutano, hawezi kuhesabiwa. Brayo akasema hahitaji sauti, wao wanataka tu idadi yake. Wakavutana hivyo, mpaka mtu akasema kwa mzaha basi ahesabiwe nusu. Watu wakacheka, na Brayo akaandika nusu.

Nekesa akasimama. Hakupaza sauti. Alisema, "Mnanihesabu, lakini hakuna aliyeniuliza."

Kicheko kikakatika. Brayo alikuwa bado ameshika kalamu juu ya karatasi.

Nekesa akaendelea. Akasema wamemtumia kuongeza viti vyao, halafu viti hivyo watavikalia wao, na watakachoamua kitampata na yeye kwake ghorofa ya tano. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza kama kule Filadelfia pia kulikuwa na watu waliohesabiwa namna hii, au ni hapa tu.

Katika miaka yangu yote ya kufundisha sijawahi kuulizwa swali lililonifikia kama lile. Kifungu cha katiba kinachohusu jambo hilo kilikuwa katika somo la wiki iliyofuata, nimekiandalia karatasi zake. Sikuzingoja. Niliwaambia wafungue katiba yenyewe kwenye simu zao, ibara ya kwanza, nikamwomba Brayo asome, kisha nikawaeleza. Walipokubaliana kuhesabu watu kwa ajili ya viti, wenye watumwa wa majimbo ya kusini walitaka watumwa wao wahesabiwe, ili majimbo yao yapate viti vingi. Hawakuwa na nia yoyote ya kuwapa watu hao kura, wala uhuru, wala hata jina katika karatasi ile. Wa kaskazini wengine walikataa. Mwisho wakapatana kwamba kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Na wenyewe waliohesabiwa hawakuwa chumbani.

Brayo alisoma mstari ule mara mbili. Akafuta ile nusu kwenye karatasi yake mpaka karatasi ikatoboka.

Nekesa alisema jambo moja zaidi, nami nalirudia kwa sababu lilikuwa la haki. Alisema yeye hajilinganishi na watu wale, maana yeye jioni atarudi kwake na kesho ataamua kama atakwenda langoni au hatakwenda, na wao hawakuwa na kesho ya kuamua. Ila sasa anajua mlango ambao mambo kama hayo huingilia. Huingia wakati watu wana haraka ya kukubaliana.

Nilisimama mbele yao wote nikamwomba Nekesa msamaha. Niliwaambia kwamba aliyemweka nyuma ni mimi, wala si Brayo, na nilifanya hivyo kwa sababu ya kuogopa mgeni. Sikumtazama Bwana Mutiso niliposema hivyo. Kama ulimwaibisha mtu mbele ya darasa, usiende kumwomba radhi pembeni. Nekesa aliinamisha kichwa kidogo, akavuta kiti chake mbele, akakaa kati ya Brayo na yule msichana wa Makadara.

Saa kumi na moja ikapita bila mtu kuiona.

Walipoondoka, Bwana Mutiso alibaki kwenye kile kiti cha kona. Nilijua amekuja kunizika, nikaanza kukusanya vitu vyangu. Akaniuliza wale watu waliohesabiwa bila kuulizwa waliingia lini chumbani. Nikamwambia ilichukua vita vikubwa vya wenyewe kwa wenyewe na kuibadilisha katiba mara tatu, na hata baada ya hapo walizuiwa kupiga kura kwa hila nyingi kwa karibu miaka mia. Akauliza hila gani. Nikamtajia mitihani ya kusoma iliyotungwa ili mtu ashindwe. Akauliza mitihani hiyo ilikuwa na maswali gani. Tulikuwa bado tumesimama tunaongea mlinzi alipokuja kufunga madirisha. Bwana Mutiso alitoka bila kusema lolote kuhusu somo langu, na mimi sikumuuliza.

Juma lile lilikuwa refu. Nilipanga hata maneno ya kuwaambia wanafunzi kwamba huu ndio muhula wa mwisho.

Alhamisi iliyofuata, robo saa kabla ya kipindi, aliniita ofisini. Karatasi ilikuwa mezani. Alisema kozi ya forodha itakuja, hilo halibadiliki. Lakini somo langu litabaki, na wanafunzi wa forodha nao watalisoma, saa moja kila wiki. Alisema mtu atakayeshinda siku nzima akizitumikia sheria anapaswa kujua sheria hutengenezwa vipi, na nani hukosa kuulizwa. Halafu akaongeza, akitazama kalamu yake, kwamba atahitaji kunitafutia chumba kikubwa zaidi, na kwamba yeye mwenyewe angependa kiti.

Sikumbuki kama nilimshukuru. Nakumbuka ngazi. Nilizipanda mbili mbili, mwanamke wa umri wangu, na ile karatasi mkononi, nimepanga kuingia na kutangaza pale pale mlangoni.

Nilifungua mlango nikakuta wameshaanza bila mimi. Walikuwa wamepanga viti mviringo. Akoth alikuwa mwenyekiti. Nekesa alikuwa amesimama na karatasi, anapendekeza mabadiliko ya katiba yao: kwamba asihesabiwe mtu yeyote ambaye hakupewa kura. Brayo alikuwa anapinga kwa nguvu zote, kwa sababu alikuwa amepiga hesabu na kuona Tassia ingepoteza viti. Lakini nilimwona anaandika anayosema Nekesa, neno kwa neno. Msichana wa Makadara alikuwa ameinua mkono akingoja zamu. Katika duka la chini walikuwa wakikata mabati, na hakuna aliyenyamaza kwa ajili yao.

Nikainua karatasi yangu na kufungua mdomo.

Akoth akanionyesha kiganja bila kunitazama. "Madam, ngoja kidogo," akasema. "Nekesa bado anaongea."

Nikaegemea fremu ya mlango, na habari yangu yote mkononi, nikangoja.